Kuku wa Kukombolea Pikipiki

Mwezi uliopita nilialikwa Mzumbe kwenye sherehe ya mhitimu, binti wa mtu tuliyefanya naye kazi zamani, na sisi wastaafu wa ule mradi wa mboga tukawekwa meza moja chini ya turubai. Bwana Deo alifika amechelewa, anatembelea fimbo, na wote mezani tukasimama kumpisha. Nilimpa shikamoo yake, maana alikuwa mkuu wangu wa kazi na ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na heshima ya umri hainyimwi mtu. Hakuwa amemaliza hata kunawa mikono alipoanza. Aliwaambia vijana waliokaa nasi kwamba huyu mama mnayemwona ni mtani wangu, Mnyamwezi huyu, nilimnyang'anya pikipiki mchana kweupe na akacheka. Meza nzima ikaangua kicheko, kisha nyuso zote zikanigeukia mimi, zikinisubiri nami nicheke kama inavyotakiwa. Sikucheka. Nilikuwa nimeshika kijiko, nikakiweka chini, na hasira niliyodhani imeshakufa ikanipanda palepale kama vile jambo lenyewe lilitokea asubuhi ile. Nataka niueleze mwaka ule, kwa sababu naona umegeuzwa hadithi ya kuchangamsha karamu, na aliyeuishi ni mimi.

Nilikuwa bibi shamba, mgeni kazini, na eneo nililopewa lilikuwa Mgeta na vijiji vya juu yake, kule wanakolima kabichi, karoti na viazi kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare akiiona anauliza kama wakulima hujifunga kamba. Bodaboda hata jina lake lilikuwa halijazaliwa, na simu za mkononi tulikuwa hatujazisikia. Ofisi ikanipa pikipiki ambayo mabwana shamba wenzangu walikuwa wameikataa mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ile aina ndefu ya kupandia milima na matope, tairi za meno, tangi lililobabuka rangi, imeachwa na mradi uliotutangulia, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mbele. Shokapu za mbele zilikuwa nyembamba na zimechoka. Ukiwa unateremka, ukigusa breki tu, pua yote inazama mpaka chuma kinagonga chuma na mikono inakufa ganzi hadi mabegani. Tairi likikutana na jiwe katika hali hiyo halina pa kwenda isipokuwa pembeni, na wewe unalifuata. Nilianguka juu ya Mlali, nikaanguka kwenye madaraja ya magogo, nikaanguka mbele ya kanisa siku ya Jumapili watu wakitoka misa. Ofisini sababu ilijulikana kabla sijakung'uta vumbi: ni mwanamke. Bwana Deo alisema kwa upole, ule upole unaokera kuliko tusi, kwamba labda nipewe kazi ya stoo, nikae nigawe mbegu.

Nilipanga chumba Mafiga, nyumba ya tofali za kuchoma, na dirisha langu lilitazama uwanja ambao Fundi Shabani aliugeuza gereji. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na harufu ya oili chafu iliyoingia hadi kwenye mashuka. Nilizijua habari zake zote bila kumuuliza, maana Fundi Shabani hakuwa na sauti ya chini. Alibishana na wateja, akabishana na redio, akanyamaza kwa ajili ya swala tu, na baada ya swala akaendelea pale pale alipoachia. Siku moja nilikuwa nimelala, goti limevimba, nikamsikia mteja wake akinicheka mimi, yule bibi shamba anayegaragara barabarani kama gunia. Shabani akamjibu huku akigonga kitu kwa nyundo. "Yule haanguki," alisema. "Yule anaangushwa. Umeitazama ile pikipiki mbele?" Nilivaa kanga nikatoka nje nikichechemea, nikamwamkia, nikamwambia basi itazame wewe.

Aliitazama wiki nzima kwa maneno kabla ya kuigusa kwa mikono. Kubadilisha sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, na oili yenyewe, alisema, ni kumpaka marehemu mafuta. Shokapu zile hata zikiwa mpya zilitengenezwa kwa mtu anayekwenda dukani. Tulihitaji nene zaidi. Nikakumbuka kwamba Dakawa, kwenye skimu ya mpunga, kulikuwa na pikipiki kubwa iliyotumbukia kwenye mfereji injini ikafa, ikatupwa nyuma ya ghala ianikiwe magunia. Tuliomba sehemu ya mbele, na wenyewe wakatupa kwa furaha wakapokea kabichi za Mgeta. Shabani alizifuta tope zile shokapu, akazibonyeza kwa uzito wake wote, akazisifu kama mtu anayesifu ng'ombe wa mahari. "Hizi hazijawahi kuona jiwe," alisema. "Dakawa ni sinia tupu. Hizi bado mabikira."

Kuzifunga kulikuwa kazi nyingine. Kile chuma kinachoishika miguu yote miwili ya shokapu chini ya usukani hakikukubali kuingia kwenye shingo ya fremu yetu, ikabidi kikerezwe, kikakerezwa kupita kiasi, kikavalishwa bushi, pete ya chuma ya kujazia nafasi. Gurudumu lilihamia na breki yake. Springi zenyewe, kwa kuwa ziliishi tambarare, zilikuwa laini kwa mzigo wangu wa dawa na bomba la kupulizia, kwa hiyo Shabani alikata vipande vya bomba la maji akaviweka juu yake ili ziwe zimekandamizwa tangu mwanzo. Kisha akamimina oili nzito, akaendelea kumimina, kwa imani kwamba kitu kizuri hakizidi. Kilizidi. Safari ya kwanza, sijamaliza hata mawe ya Mlali, sili zikafumuka na oili ikanilowesha goti na kiatu. Nilirudi nikiwa nimefura. Yeye alidai ni mawe, mimi nikadai ni oili, tukabishana mpaka mkewe akatuwekea wali na mchicha wa nazi kwenye mkeka akatuambia tunyamaze tule. Baada ya chakula, bila kukubali kwamba ameshindwa, Shabani alianza kupunguza oili kidogo kidogo, mimi nimekaa juu ya pikipiki nimepakia magunia ya mchanga nyuma, nashindilia usukani kwa nguvu zangu zote, namwambia bado, bado, sasa inagonga, rudisha kidogo. Mke wake alikuja kusimama mlangoni akauliza kama tunakamua ng'ombe.

Siku nilipoipandisha ikiwa sawasawa, nilicheka peke yangu njia nzima. Mkono ulikuwa mwepesi. Nilipofunga breki kwenye mteremko, pua iliinama kwa adabu, ikasimama. Tairi lilipanda jiwe likashuka ng'ambo, likaendelea na safari. Nilifika kijiji cha juu kabisa mchana bado mchanga, kijiji nilichokuwa nakifikia nimechoka kiasi kwamba nilichofundisha nilikuwa sikikumbuki mwenyewe. Huko nililala kwa Mama Felista, mmoja wa wakulima wangu, jikoni kwake, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Jiko la mawe, moshi unaotafuta njia kwenye nyasi za paa, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto yasiliwe na wadudu. Tulikula viazi vya kuchemsha na maharage, kila kiazi kinapasuka ganda kwa utamu, na majirani walikuja kuota moto wakidhani nimelala. Mmoja aliuliza huyu msichana anaolewa lini na hii pikipiki yake. Mama Felista akasema mwache, tangu aanze kuja huyu tunavuna.

Shamba la viazi la Mama Felista lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru, alipewa yeye kwa zamu yake na alitakiwa kulitunza mbele ya macho ya dada na wajomba. Mwaka ule alikuwa amepanda mbegu mpya niliyomletea mimi, shamba zima, kwa neno langu. Mbegu ile ilizaa sana lakini ilikuwa dhaifu kwa bakajani, ule ugonjwa wa mvua na ukungu unaounguza majani ya viazi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Tuliafikiana wazi: mvua zikikaza, nitakuja na dawa na bomba mapema, kabla jani la kwanza halijaweka doa. Kwa pikipiki ile ahadi haikuwa kubwa. Nilipoitoa niliitoa nikiwa na uhakika nayo.

Sasa nieleze utani, kwa wale ambao kwao umebaki neno la kuchekea tu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukunyang'anya kofia, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake, na wewe hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye uliyekosa. Bwana Deo ni Mluguru, na nilimtania tangu siku ya kwanza. Nilimwambia kwao mwanaume ni mgeni kwenye shamba la mkewe, siku akifukuzwa anaondoka na shati. Yeye alinijibu kwamba Mnyamwezi alizaliwa na mzigo kichwani, ametembea toka Tabora hadi pwani na bado hajafika. Nilicheka na nilicheka kweli. Nilikuwa ugenini, na utani ulikuwa ndio undugu wangu wa kwanza Morogoro.

Asubuhi moja, mbele ya ofisi, wafanyakazi wote wapo na wakulima waliokuja kuchukua mbegu wapo, Bwana Deo aliomba aijaribu pikipiki yangu aone hiyo kazi ya Shabani wanayoisifu. Akaizungusha uwanjani, akaipitisha juu ya ngazi za mawe, akarudi macho yanang'aa. Kisha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akavua kofia yangu ngumu kichwani mwangu akaivaa yeye. "Mtani, nimeteka," alisema. "Mnyamwezi ni mtu wa kutembea. Pikipiki itamharibia miguu." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nami nilicheka, kwa sababu ndivyo ilivyo, na kwa sababu nilijua kitu kinachofuata. Mtani akiteka, unakomboa. Jioni ile nilinunua kuku, jogoo mzuri mwekundu, nikampeleka nyumbani kwake nimemfunga miguu, nikapiga magoti barazani kwa maigizo yote yanayohitajika. Mkewe alipiga vigelegele. Wakamchinja, wakampika na ndizi, tukala wote, na Bwana Deo mwenyewe akaniwekea paja kwenye sahani. Nilipoaga nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Akacheka. Akasema huyo kuku alikuwa wa kukomboa kofia. Pikipiki itahitaji ng'ombe. Kofia alinipa.

Nilidhani ni mzaha unaoendelea. Kesho yake nilikwenda mlangoni kwa ofisi yake nikamwambia, Bwana Deo, mzaha umekolea, naomba pikipiki, mvua zimeanza. Akamwita mtunza stoo aje asikie Mnyamwezi anavyolia. Nikarudi kwake barazani, mkewe yupo, nikamwambia kuna mashamba yananisubiri. Akamwambia mkewe, unaona, ametumwa na mababu zake aje adai nauli. Kila neno nililosema liligeuka utani kabla halijafika kwake. Ningelia, angesema Wanyamwezi wanajua kuigiza. Wenzangu niliowalalamikia walinishangaa. Ni mtani wako, walisema, utakasirikaje? Na siku nyingine, nikiwa napanga mifuko ya mbegu chini ya dirisha lake, nilimsikia akimwambia mtunza stoo, bila utani wowote, kwa sauti ya mtu anayezungumzia viatu, kwamba pikipiki kama ile si ya kuchakazwa na mtoto wa kike huko mawinguni, na kwamba yeye mkuu hawezi kuendelea kuonekana mjini kwa baiskeli. Ndipo nilipoelewa. Alipokuwa peke yake na mwanaume mwenzake hakuhitaji utani. Utani ulikuwa wa kunifunga mdomo mimi.

Niliwahi kuambiwa kwamba nachukulia mambo kwa uzito. Basi niseme uzito wenyewe. Pikipiki ile haikupanda tena mlima hata siku moja. Ilikwenda ofisini na kurudi, kwenye lami, na jioni ilisimama nje ya baa, na kila ilipopita mbele ya gereji Fundi Shabani aliacha kazi akaisindikiza kwa macho. Shabani ni Mluguru, na jambo lile lilimuuma mara mbili. "Utani una kurudisha," aliniambia. "Ameshakula kuku. Asiporudisha, huo ni wizi, tena anatuibia na jina." Alimfuata Bwana Deo akamwambia hivyo hivyo usoni, na Bwana Deo akazipeleka pikipiki nyingine za ofisi kwa fundi mwingine.

Mvua zikakaza. Nilikwenda Mgeta kwa lori la mboga, lililopanda siku za soko tu, na siku ile likaishia pale barabara ilipokatika. Nikashuka njiani nikatembea, dawa kichwani na bomba mgongoni, nikiyasikia maneno yake ya Mnyamwezi na mzigo kila hatua, na naapa hakuna tusi lililowahi kunichoma kama lile lililogeuzwa kweli na mtu aliyelitamka. Nilipotokea kwenye ukingo wa kijiji nilisimama. Shamba lilikuwa jeusi. Ile harufu ya viazi vilivyooza ardhini anayeijua haisahau. Mama Felista alikuwa jikoni, hakunyanyuka. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Tulikuwa tunasikiliza pikipiki," alisema. "Kila kukicha tunatoka nje, tunasikiliza."

Nilijaribu kumweleza. Unamwelezaje mtu kwamba chakula chake kimeoza kwa sababu ya mzaha? Nilianza sentensi nikaiacha, nikaanza nyingine. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Wajomba walikuja kulitazama shamba, wakaongea Kiluguru kwa sauti ya chini, na baada ya msimu shamba likapewa mdogo wake. Mama Felista alishuka Dakawa kuvuna mpunga wa watu, yeye aliyezoea baridi, kwenye jua lile na mbu wale. Nilimwona huko mara moja, amefunga kitambaa usoni, miguu imevimba. Tulisalimiana vizuri. Aliniuliza hali ya pikipiki.

Mimi sichukii utani. Mama yangu alipofariki watani walikuja wakamtania maiti, wakaiga alivyokuwa akikohoa, wakatuchekesha sisi tuliokuwa hatujala siku mbili, na bila wao sijui tungemzika vipi. Ni kitu kizuri mno, na ndiyo sababu nakasirika. Mwenye nguvu akikipata anaweza kukitumia kama kufuli, kisha anayefungiwa ndiye anaambiwa hana ucheshi. Nimekaa na ucheshi wangu wote miaka hii, nimelea watoto nao, na sikubali mtu aniambie sina.

Kwa hiyo pale Mzumbe nikawaeleza wale vijana sehemu ya hadithi ambayo hawakusimuliwa. Niliwaeleza habari za kuku, na za viazi, na alikoishia Mama Felista. Sikupandisha sauti. Bwana Deo alinisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, na nilimwona akitafuta mezani mtu wa kucheka naye, uso hadi uso, asimpate.

"Lakini ungeniambia, Kalunde," alisema mwishowe. "Mambo ya viazi mimi sikuyajua. Ungeniambia tu, ningekurudishia."

"Nilikuambia, Bwana Deo. Nilikuambia mlangoni kwako, nikakuambia barazani mbele ya mkeo. Kila mara ulicheka."

Alikuwa mzee sana ghafla, na huruma ilinijia, nayo ikaniudhi.

"Pole, mtani," alisema.

Mtu akipewa pole hujibu nimeshapoa, hata kama bado anavuja damu. Ndivyo tulivyolelewa, na wote pale mezani walikuwa wakilisubiri neno hilo ili waendelee kula. Nikamwambia sijapoa. Kisha nikavuta sahani yangu, nikaanza kula.